Namna ya Kuhakiki Sehemu ya Pili Iliyopwaya: Wall Street ya 1987 na ya 2010

Ukimuuliza mtu aliyeipenda Wall Street ya 1987 kuhusu sehemu yake ya pili, jibu huwa fupi: "Ile? Waliiharibu." Huenda ni kweli, ila jibu hilo halimsaidii anayetaka kujua kama atumie saa zake mbili, wala halimsaidii anayetaka kujifunza jinsi filamu inavyoharibika. Uhakiki wa sehemu ya pili ni kazi ya kulinganisha, na kulinganisha kuna utaratibu wake: kuna vya kuandaa, kuna vya kuhesabu, na kuna mahali ambapo wahakiki wengi huteleza.

Filamu hizi mbili zinafaa kufanyia kazi kwa sababu visingizio ni vichache. Wall Street: Money Never Sleeps ilitoka Septemba 2010, miaka 23 baada ya ile ya kwanza. Mwongozaji ni yuleyule, Oliver Stone. Michael Douglas ni Gordon Gekko yuleyule, tajiri mjanja wa soko la hisa, kwenye nafasi iliyompa Oscar. Mji ni New York uleule, na ujanja ni uleule wa kuchezea hisa. Hata jina limeazimwa kutoka filamu ya kwanza: ni maneno ya Gekko akiwa ufukweni alfajiri, simu kubwa kama tofali sikioni, akimwamsha dalali wake Bud Fox. Kwa hiyo huwezi kusema "walibadilisha mwongozaji" ukaenda kulala. Kilichobadilika kimo ndani ya hadithi, na humo ndimo pa kuchimba.

Kabla ya kuwasha

Filamu ya kwanza ina dakika 126, ya pili 133. Jumla ni saa 4 na dakika 19. Usizitazame usiku mmoja, maana uchovu wa saa ya nne utaibebesha filamu ya pili lawama isiyo yake. Tazama ya 1987 leo, pumzika kesho, kisha ya 2010 keshokutwa. Anza na ya zamani hata kama unaamini unaikumbuka yote. Ulichonacho kichwani ni filamu iliyong'arishwa na miaka. Zile sehemu za kuchosha umeshazisahau.

Weka maandishi ya chini hata kama Kiingereza chako ni kizuri, kwa sababu madalali wa filamu hizi wanazungumza haraka na kwa mafumbo ya kazi. Nakala zilizosimuliwa na madijei ni tamu kwa burudani, ila usizitumie kwa uhakiki: msimulizi huongeza chumvi yake, na mwisho wake utamsifia Stone utani wa DJ.

Chukua daftari, chora safu nne: dakika, dili, anayefaidi, anayelipa. Kila wahusika wanapofanya biashara, iwe ni kuuziana hisa, siri au upendo, jaza mstari mmoja. Andika kifupi, kama mangi anavyoandika wadaiwa wake. Mara ya kwanza tazama bila kusimamisha. Mara ya pili rudia yale matukio tu uliyoyaandika. Kwa kila filamu itakuchukua kama dakika 45. Safu ya nne ndiyo itakayoandika uhakiki wako.

Elewa dili, la sivyo utahakiki suti

Asiyeelewa kinachouzwa atabaki kusifia nywele za Gekko na ukanda wa suruali. Kuna biashara tatu za kuelewa.

Ya kwanza ni kutumia taarifa za ndani. Carl Fox, fundi wa ndege na kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa shirika la Bluestar, anamwambia mwanawe Bud kwamba uchunguzi wa ajali utalisafisha shirika lao. Habari hiyo haijatangazwa. Bud anaipeleka kwa Gekko, Gekko ananunua, habari inatoka, bei inapanda. Hakuna aliyeshikiwa bunduki, lakini aliyewauzia hisa zile siku hiyo ameuza bila kujua alichojua mnunuzi. Angalia kitu kimoja: siri ya kwanza imetoka kinywani mwa baba, kwenye mazungumzo ya kawaida ya baba na mwana. Hapo hadithi imeshafunga kamba yake.

Ya pili ni kununua kampuni ili kuichinja. Gekko anainunua Bluestar kwa ahadi ya kuifufua. Mpango halisi ni kuuza ndege na mali moja moja na kuuchukua utajiri uliolala kwenye mfuko wa pensheni, ambao una dola milioni 75. Eleza hivi kwa msomaji wako: ng'ombe akiuzwa mzima ana bei moja, akipimwa kilo kwa kilo buchani ana bei nyingine. Gekko ni bucha. Wafanyakazi walidhani wamepata mfugaji.

Ya tatu inatawala filamu ya 2010: kuuza hisa za kuazima. Chukua mfano wa namba rahisi. Unaazima hisa 1,000, bei ni dola 60 kila moja, unaziuza mara moja na kushika dola 60,000. Bei ikiporomoka hadi dola 10, unazinunua tena kwa 10,000, unamrudishia mwenyewe hisa zake, na 50,000 ni zako, ukitoa ada. Bei ikipanda hadi 90, umepoteza 30,000. Kwa hiyo aliyeuza namna hii anaombea kampuni ife, na akiwa na mdomo mrefu ataisaidia kufa kwa uvumi. Ndicho anachofanya Bretton James, anayeigizwa na Josh Brolin, kwa benki ya uwekezaji ya Keller Zabel.

Ukimwandikia msomaji wa Kenya, anza na hisa za Safaricom zilizouzwa kwa shilingi 5 mwaka 2008. Kwa msomaji wa Tanzania, zile za Vodacom za shilingi 850 mwaka 2017. Watu wengi walijifunza neno "hisa" hapo, na wengi walijifunza pia kwamba bei hushuka.

Safu ya nne

Sasa linganisha madaftari. Kwenye filamu ya kwanza karibu kila mstari wa "anayefaidi" una jina mbele yake kwenye "anayelipa". Bud akipata, baba yake anapoteza kitu. Gekko akipata, mafundi na wahudumu wa ndege wa Bluestar wanapoteza, na tumeshawaona sura zao, tumekaa nao baa. Carl anapopata mshtuko wa moyo, Bud anamkuta hospitalini, na mazungumzo yao kitandani yanabeba uzito kwa sababu deni lilianza kuandikwa mapema sana, pale baa. Stone alimpa Martin Sheen, baba mzazi wa Charlie Sheen anayeigiza Bud, nafasi ya Carl, na hakuna fedha inayoweza kununua jinsi wale wawili wanavyokwepana macho.

Kisha mlipaji wa mwisho ni Bud mwenyewe. Anakamatwa ofisini, anavaa kinasa sauti, anakutana na Gekko kwenye bustani ya Central Park, anapigwa, na filamu inaisha akipanda ngazi za mahakama. Hukumu hatuisikii. Hata Gekko akifungwa hatumwoni. Haikuwa lazima, hesabu ilishafungwa.

Filamu ya pili inaanza vizuri. Mwaka 2001 Gekko anatoka gerezani baada ya miaka 8, anarudishiwa vitu vyake: kibanio cha dhahabu cha kushikia noti, hakina noti hata moja, na ile simu ya tofali. Hakuna aliyekuja kumpokea. Gari la kifahari lililosimama nje ni la msanii wa rap. Tukio fupi, halina hotuba, linasema kila kitu. Andika dakika yake na ulisifie bila woga.

Baadaye ndipo safu ya nne inapoanza kuwa tupu. Kijana safari hii ni Jake Moore, anayeigizwa na Shia LaBeouf, mchumba wa Winnie, binti wa Gekko. Mlezi wake kikazi, Louis Zabel, anajitupa chini ya treni kampuni yake inapozama. Huyo kalipa, na Frank Langella analipa kwa uigizaji ulio bora kuliko kitu chochote kinachofuata. Ila ukishamzika Zabel, tafuta mwingine. Mwaka 2008 watu wa kawaida Marekani walipoteza nyumba, kazi na akiba za uzeeni. Kwenye filamu hii wamewakilishwa zaidi na mama wa Jake, Susan Sarandon, dalali wa nyumba anayemkopa mwanawe, na tunamchukulia kama kichekesho. Anguko kubwa la fedha, halafu aliyeumia tunayemjua kwa jina ni benki.

Pigia mstari hili kwenye daftari, kwa sababu ndilo jibu la "waliiharibu". Filamu haikulegea kwa sababu Gekko amezeeka au LaBeouf ana sura ya utoto. Imelegea kwa sababu fedha zimekuwa nyingi zaidi na anayelipa ameondolewa kwenye picha.

Hotuba mbili, zipime kwa mizani moja

Njia nzuri ya kuonyesha tofauti bila kupiga kelele ni kuchukua matukio mawili yanayofanana. Hapa zipo hotuba mbili za Gekko.

1987, mkutano wa wanahisa wa Teldar Paper. Kila mtu anakumbuka mstari wa tamaa, na karibu kila mtu anaunukuu vibaya. Gekko hasemi tu kwamba tamaa ni nzuri. Anaweka katikati kiraka, "kwa kukosa neno lililo bora", na kiraka hicho ndicho ujanja, kinamfanya aonekane mtu mkweli anayetafuta neno. Lakini rudi nyuma usikilize kinachotangulia. Anawaambia wanahisa kwamba kampuni yao ina makamu wa rais 33, kila mmoja analipwa zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka, na kwamba mwaka uliopita kampuni ilipata hasara ya dola milioni 110. Malalamiko hayo yana mantiki! Tunapofika kwenye tamaa tumeshaitikia kwa kichwa mara tatu. Na kuna kitu mezani: wanahisa wale watapiga kura, na Gekko anataka kampuni.

2010, Chuo Kikuu cha Fordham. Gekko ameandika kitabu, anazungumza na wanafunzi, anawachekesha kwamba ni kizazi kisicho na kipato, kisicho na kazi, kisicho na mali. Douglas bado ana sumu kwenye sauti, na ukumbi unacheka. Sasa jiulize: akishindwa hotuba hii, anapoteza nini? Nakala chache za kitabu. Ni mhadhara mzuri uliowekwa mahali pa tukio.

Kwenye uhakiki wako, aya moja ya kulinganisha hotuba hizi itafanya kazi kuliko aya tano za kusema filamu "haina mvuto".

Papo hapo utakutana na tatizo la tafsiri, usilikwepe. Neno gani la Kiswahili linabeba maana ya Gekko? "Ulafi" na "uroho" vinanuka chakula, na hakuna mwanahisa angeshangilia uroho. "Uchu" uko karibu zaidi na mwili. Chagua "tamaa". Ni neno lenye nyuso mbili: mwenye tamaa tunamlaani, aliyekata tamaa tunamhurumia. Mchezo wa Gekko umekaa hapohapo, anachukua tamaa ya methali ile ya mauti nyuma na kuivika nguo za tamaa nyingine, ile tusiyotaka mtu aikate.

Hesabu ya mwisho wa filamu

Ukitaka kufichua mwisho, mwambie msomaji mapema kwa sentensi moja, kisha endelea bila kuomba radhi. Mwisho huu hauwezi kuhakikiwa kwa mafumbo.

Winnie ana dola milioni 100 Uswisi, fedha za amana zilizowekwa kwa jina lake. Kwa ushawishi wa Jake anatia saini zitoke, ziende kwenye kampuni ya utafiti wa nishati. Gekko anazibeba na kutoweka. Akiwa London anazizungusha wakati soko limelala chini, anafikisha dola bilioni 1.1. Mpaka hapa filamu iko hai: yule mbwamwitu hajabadilika, na sisi pamoja na binti yake tumeliwa. Jake anamwonyesha picha ya ultrasaundi ya mjukuu, Gekko anakataa biashara. Vizuri sana. Halafu, dakika za mwisho, Gekko anatokea barabarani, milioni 100 zimeshatumwa kwa kampuni ya nishati, anaomba nafasi ya kuwa babu, na majina yanapita juu ya sherehe ya kuzaliwa ya mtoto.

Piga hesabu. Ana milioni 1,100, ametoa 100. Hiyo ni asilimia 9 na kidogo. Hata fungu la kumi halijafika, na tayari amesamehewa. Tena alichotoa ni mali ya binti yake mwenyewe. Hii ndiyo aina ya uthibitisho wa kutafuta: namba iliyomo ndani ya filamu yenyewe, inayoonyesha kwamba waandishi walitaka msamaha bila bei.

Sababu ya kufika huko inaelezeka. Katika filamu ya 1987 steringi alikuwa Bud, ila adui aliiba picha. Vijana wengi walitoka ukumbini wakitaka kuwa Gekko, jambo ambalo Stanley Weiser, aliyeandika muswada pamoja na Stone, amelilalamikia hadharani. Sehemu ya pili ikataka kumfanya adui huyo awe mtu wa kupendwa, ikalazimika kutafuta adui mpya, Bretton James, kisha ikamgeuza Gekko mara tatu: mjomba mshauri, mwizi, babu. Na steringi, kama ujuavyo, hafi. Ukishampandisha Gekko cheo hicho, huwezi tena kumlipisha.

Ushahidi mwingine wa namna hiyo ni mdogo na unapita haraka, kaa macho. Kwenye karamu ya hisani Bud Fox anatokea, Charlie Sheen mwenyewe, mwanamke kila upande. Gekko anamuuliza habari za Bluestar, na Bud anajibu kwamba aliiuza na kupata fedha nyingi. Ukumbi hucheka hapo. Wewe usicheke kwanza. Bluestar ndicho kitu ambacho Bud aliharibu maisha yake ili kisiuzwe.

Alama zinazosema mara mbili

Hapa pita haraka. Stone wa 2010 anapenda kuchora kile kilichokwisha kusemwa: mistari ya bei inageuka kuwa paa za majengo ya New York, dhumna zinaanguka, na kwa kuwa wachumi huita upandaji wa bei usio na msingi "povu", tunaletewa mapovu ya sabuni angani. Bretton James ana mchoro wa Mhispania Goya, wa Zohali, mungu wa hadithi za kale, akimla mwanawe, kama vile hatujaelewa. Andika mbili tu. Ukizipanga zote, uhakiki unageuka orodha ya dharau.

Uwe na haki pia kwa yaliyofanikiwa. Mikutano ya mabenki kwenye meza ya Benki Kuu ya Marekani, wazee wakiamua nani azame, ina baridi ya kweli. Eli Wallach, aliyekuwa na zaidi ya miaka 90, anaiba kila tukio kwa mluzi tu. Na usiitakase filamu ya kwanza: nafasi ya Darien, mpenzi wa Bud, ni nyembamba kama karatasi, na Daryl Hannah alipewa tuzo ya kejeli ya Razzie kwa nafasi hiyo, kwa filamu ileile iliyompa Douglas Oscar.

Panapoharibika

Mapato. Wengine watakuambia sehemu ya pili ilikuwa bora kwa kuwa iliingiza zaidi. Ndani ya Marekani, filamu ya kwanza iliingiza takriban dola milioni 43.8, ya pili milioni 52.5. Ila tiketi ya wastani huko ilikuwa dola 3.91 mwaka 1987 na 7.89 mwaka 2010. Gawanya: kama tiketi milioni 11 dhidi ya milioni 6.7. Kila ukilinganisha filamu za miaka tofauti, hesabu vichwa. Na kumbuka vichwa havipimi ubora, vinapima tu hoja ya huyo aliyekuletea mapato.

Mwaka wa anguko. Kosa linalorudiwa sana ni kuandika kwamba filamu ya kwanza ilitengenezwa kutokana na Jumatatu Nyeusi. Soko la New York liliporomoka kwa asilimia 22.6 tarehe 19 Oktoba 1987. Filamu ilitoka tarehe 11 Desemba, picha zikiwa zimeshapigwa, na hadithi yenyewe imewekwa 1985. Bahati, au nuksi, ndiyo iliyozikutanisha.

Kuchanganya benki za kubuni na za kweli. Keller Zabel inafanana na Bear Stearns, iliyookolewa Machi 2008 kwa kuuzwa kwa JPMorgan, kwanza kwa dola 2 kwa hisa kisha 10, na pia na Lehman Brothers, iliyofilisika tarehe 15 Septemba 2008. Andika "inafanana", usiandike "ni". Filamu imechota huku na huku.

Kudai kwamba Gekko ni mtu fulani. Hotuba ya Teldar ina mwangwi wa Ivan Boesky, mchezaji wa hisa wa kweli, aliyewaambia wahitimu wa Berkeley mwaka 1986 kwamba tamaa ni kitu cha afya. Boesky alitozwa dola milioni 100 na kufungwa. Michael Milken, mfanyabiashara wa hatifungani wa enzi hiyo, alihukumiwa miaka 10, akakaa chini ya miwili. Ukiwa na namba hizo utaona kwamba miaka 8 aliyokaa Gekko ni mirefu kuliko waliyokaa wote wawili, jambo la kuchekesha kidogo kwa filamu inayosemwa kuwa laini.

Kumlaumu mwigizaji kwa kosa la muswada. Jaribu hivi: mweke kichwani mwigizaji unayemwamini zaidi, mpe maneno yaleyale ya Winnie. Carey Mulligan ni mwigizaji hodari, lakini kazi aliyopewa kwa sehemu kubwa ni kulia, kusamehe, na kutia saini. Nani angefanya zaidi?

Kuandika sasa

Maneno 900 yanatosha. Yagawe kwa takriban: 120 ya kufungua, 150 ya hadithi, 400 ya hoja yako moja na ushahidi wake, 130 ya yaliyofanikiwa, 100 ya kumwambia msomaji kama aitazame na aitazameje. Hadithi ikizidi maneno 200, umeanza kusimulia filamu badala ya kuihakiki, na ni dalili kwamba hoja bado haijapatikana. Rudi kwenye safu ya nne.

Usifungue kwa "Filamu hii iliyosubiriwa kwa hamu". Fungua kwa kitu kinachoonekana. Dhaifu: "Sehemu ya pili ya Wall Street imeshindwa kufikia kiwango cha ya kwanza." Yenye nguvu: "Gordon Gekko anaiba dola milioni 100 za binti yake, anazifanya bilioni 1.1, anarudisha zile 100, na tunaombwa tufute machozi." Ya pili imebeba hukumu bila kuitangaza.

Aya ya hoja iandike kwa mfuatano huu: tukio la kwanza, tukio la pili, tofauti, sababu. Kwa mfano:

"Mwaka 1987 Bud Fox anaizuia Bluestar isichinjwe, na gharama yake ni pingu. Mwaka 2010 anapita kwenye karamu na kusema aliiuza kwa faida nono. Ni utani wa sekunde chache, lakini unafuta deni ambalo filamu nzima ya kwanza ililijenga, tangu baa ya mafundi hadi ngazi za mahakama. Filamu ya pili haioni hasara yoyote hapo, kwa sababu kwake kuuza kwa faida ni habari njema siku zote."

Hayo ni maneno machache kuliko sitini na tano, na mtu ambaye hajaona filamu hata moja ameelewa. Punguza vivumishi kabla ya kupunguza matukio. "Mbaya", "ya hovyo", "inachosha": kila moja ukilifuta, weka mahali pake dakika kutoka daftarini.

Mwishoni kabisa hakikisha tahajia, maana hapa ndipo wahariri hukasirika: LaBeouf ina B kubwa katikati, ni Gekko, si Gecko, mhusika wa Brolin ni Bretton, si Brenton, Churchill Schwartz ni benki yake, Keller Zabel ni iliyokufa. Waandishi wa muswada wa 2010 ni Allan Loeb na Stephen Schiff, wa 1987 ni Weiser na Stone. Kisha lala, uisome asubuhi kwa sauti, na utume.